Hedfoni ya Upande Mmoja

Hedfoni ya kaka yangu ilikuwa na kikombe kimoja tu. Kile cha kushoto alikifungua mwenyewe kwa bisibisi mwaka aliofungua kibanda cha kutengeneza redio chini ya ngazi za jengo la ghorofa. Alisema fundi akiziba masikio yote mawili hatasikia mteja akibisha. Sikio la kulia likawa la kazi. La kushoto, lililoelekea mlangoni, likawa la salamu. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi miaka ishirini na saba.

Mtaa ulimwita Sikio. Mimi, mdogo wake, nilishika daftari: chombo gani, kosa gani, limetibiwaje. Nikilifungua leo bado nasikia harufu ya risasi ya kuchomelea na ya vumbi lililoungua ndani ya amplifaya. Mlango wa pili alikuwepo fundi wa mageti, na mashine yake ya kukatia chuma ilipiga kelele kutwa. Tukimpandishia redio sauti, naye alikandamiza mashine zaidi, kisha sote tukacheka.

Kaka alikuwa na kanuni moja aliyonifundisha siku ya kwanza. "Upande mmoja ukinyamaza, usikimbilie kufungua. Geuza pande kwanza. Kimya kikihama, chombo ni kibovu. Kikibaki palepale, chombo hakina hatia."

Baadaye watu wakaacha kutengeneza redio, wakawa wanazitupa. Kibanda kikafungwa, daftari likaishia katikati ya ukurasa. Kwa miaka minne sikumwona mtu akimuuliza kaka lolote kuhusu sauti. Alikaa sebuleni akipangusa bisibisi ambazo hazikuwa zimechafuka.

Kwa hiyo nakumbuka vizuri uso wake ulivyokunjuka siku ile kitindamimba wake, binti anayecheza gemu za kompyuta na kutunga muziki wa kielektroniki, alipomwambia, "Baba, nataka hedfoni. Si za bei ya kuua, si za kutupa. Twende ukanichagulie."

"Na hao wa kwenye mtandao wanaosifia kila kitu?"

"Hao hawakunilea."

Kaka alipiga shati pasi mwenyewe. Mimi nikabeba daftari.

Mwenye duka alipanga hedfoni tatu za bei ya kati juu ya meza ya kioo. Binti akaunganisha ya kwanza kwenye kompyuta yake, akaweka muziki aliotunga: mdundo mzito chini, na juu yake milio myembamba kama matone kwenye sufuria. Kaka, kwa mazoea, akaweka kikombe cha kulia sikioni na kusukuma cha kushoto nyuma ya kichwa. Akafumba macho.

"Besi ya hii imevimba kama shavu la mwenye jino bovu," alisema. "Inakufunikia matone yako."

"Si nilikwambia, baba mdogo?" binti aliniambia. "Huyu ndiye Sikio."

Ya pili aliisikiliza kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa gemu," binti alisema. "Vaa kotekote, baba. Kuna adui anatembea nyuma ya ukuta. Niambie yuko upande gani. Hapo ndipo ninapouawa kila siku."

"Kulia," kaka alisema. Kisha akangoja. "Sasa amesimama."

"Hajasimama. Anakuja kushoto."

Kaka akaivua, akagonga kikombe kwa kidole. "Kushoto imekufa." Akavaa ya tatu, nayo imekufa. Akarudia ya kwanza, imekufa.

"Mzee," mwenye duka alisema, "zilifanya kikao zife pamoja?"

"Vitu vya siku hizi," kaka alijibu, lakini sauti yake haikuwa na uzito.

Binti alijaribu ile ya pili, akaivua polepole, akanitazama. Mimi nikatazama daftari.

Ndipo kaka alipoichukua, akaigeuza kushoto kulia, akaivaa. "Anza tena."

Hatua zikaanza, safari hii adui akitokea kushoto. Kidole chake kiligonga kioo pamoja nazo, kisha kikasimama ilhali kwenye skrini adui alikuwa bado anatembea kuelekea kulia.

"Hakikuhama," alisema. Akaiweka chini kwa mikono miwili. "Chombo hakina hatia."

Nikakumbuka mashine ya chuma, na sikio lililokaa mlangoni miaka yote ile likingoja salamu.

"Twendeni nyumbani," kaka alisema. "Tafuta mwenye masikio mawili akuchagulie."

"Zile redio zote ulizitengeneza kwa masikio mangapi?" binti akauliza.

Kaka alifikiri. "Moja."

"Basi keti. Hatua za adui niachie mimi. Wewe nisikilizie muziki."

Akaketi. Alichukua ya pili na ya tatu, akapeleka kila kikombe kwenye sikio la kulia kwa zamu, kipande kilekile cha muziki, mpaka mwenye duka akavuta kiti.

"Ya tatu, sauti ya kikombe chake cha kushoto iko chini kidogo," alisema mwishowe. "Mwenye masikio mawili hataliona hilo. Atadhani ndivyo muziki ulivyo."

Mwenye duka akajaribu kama alivyoona, kwa sikio moja. Akarudia. Kisha akairudisha ya tatu kwenye boksi na kuliweka kando. Tukaondoka na ya pili.

Nyumbani shemeji alisikiliza habari yote akiwa ameshika kiuno. "Kumbe miaka yote hii, nikiwa kushoto kwako kitandani nakusimulia, nilikuwa naongea na mto?"

"Ndiyo maana hatukugombana," kaka alisema.

Alicheka mwenyewe hadi akafuta machozi kwa kiganja, na shemeji akahamisha kiti chake upande wa kulia wa mumewe. Kaka akaomba daftari lifunguliwe pale lilipoishia.

"Andika. Hedfoni, bei ya kati. Kosa, hakuna. Imechaguliwa na Sikio."

Nikaandika, chini ya redio ya mwisho.