Kaseti ya Baba Mdogo na Betri za Babu

Betri kuukuu zikianikwa juani zina harufu yake, harufu ya chuma kilichopata joto, na kwetu ilichanganyika na ya kahawa, kwa sababu babu alizianika kwenye kichanja kilekile tulichoanikia kahawa ili zirudiwe na nguvu kidogo. Ole wako uziguse. Redio ya babu pale nyumbani Masama haikuwa ya mchezo. Ilikuwa ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo, basi. Mlimani kwetu, kufiwa na mtu wa ukoo halafu usiende kuzika eti kwa sababu hukusikia, ni aibu ambayo watoto wako wataikuta. Kwa hiyo babu alizitunza betri kama wengine wanavyotunza dawa. Akisikia umezungusha kitufe unatafuta muziki, alikuita jina lako lote, la ubatizo na la ukoo, ukajua leo umekwisha.

Sasa mzee wa namna hiyo ndiye Mungu aliyempa mtoto kama baba mdogo Aloyce. Aloyce alikuwa kitinda mimba wa kiume, na kwetu huyo ndiye anayebaki na nyumba ya baba pamoja na kihamba, lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka. Yeye akashuka Moshi mjini, akapata gitaa la umeme, akaungana na wenzake wakaanzisha bendi ya roki. Roki, jamani! Si rumba, si kwaya. Babu alimwambia mbele yetu sote, "Mimi nimekuwekea kihamba, wewe umechagua kelele. Sikuzuii, ila usiniletee humu ndani." Tangu siku hiyo mazungumzo yao yalikuwa "shikamoo, baba" na "marahaba", yakaishia hapo. Baba mdogo alikuwa mcheshi, anatania kila mtu, lakini nilikuwa jikoni namenya ndizi siku aliyomwambia bibi, "Mama, nataka asikilize mara moja tu. Akisema ni mbaya, nitakubali ni mbaya." Bibi alichochea moto.

Ile bendi ilisifiwa kabla hata haijarekodi. Mtangazaji mmoja wa mjini aliitaja kila alipopata nafasi, akasema albamu yao ya kwanza itakuwa moto wa kuotea mbali. Pale Kwa Sadala, kwenye soko letu la chini, walibandika picha zao kwenye ukuta wa duka la mahindi, wanne wamenuna kama wamedhulumiwa, na baba mdogo wa pili kutoka kushoto. Shuleni nikawa mtu mkubwa ghafla. Watoto ambao hawakuwahi kuona gitaa walinichagulia nafasi nzuri kwenye benchi, na mimi, nisiyejua hata lina nyuzi ngapi, niliwaeleza kwa kirefu jinsi linavyopigwa. Kaseti yenyewe ikatoka Desemba, mwezi ambao watu wetu wote walio Dar na Arusha na kwingineko hupanda kurudi nyumbani, magari yanatimua vumbi mpaka kwenye migomba, mbuzi wanalia, na kila ua unanuka mbege, pombe yetu ya ndizi, inayochemshwa.

Siku ya pili ya Krismasi tukakusanyika uani kuisikiliza, kwenye redio kubwa ya binamu mmoja aliyetoka nayo Dar. Babu alichukua mundu akaenda kukata majani ya ng'ombe, sikukuu yote ile, na kila mtu alijua anakimbia nini. Kaseti ikawekwa. Wimbo wa kwanza haujafika mbali, shangazi Felista, dada mkubwa wa baba mdogo, akauliza, "Huyu anayepiga ngoma ana ugomvi na nani?" Watu wakaangua kicheko. Binamu yangu wa Dar, mwenye miwani ya jua kivulini, akasema gitaa ni kali, aisee, "lakini baba mdogo, hapa mtu anachezaje sasa?" Mama Kanisia, jirani yetu wa kwaya, alilalamika kwamba maneno hayasikiki, na kama hayasikiki yameimbwa ya nini. Mmoja alisifu kuliko wote, "kazi nzuri, kazi nzuri," huku anatafuta pilipili ya nyama yake. Halafu betri zikaanza kuisha. Sauti ya baba mdogo ikavutika, ikawa nzito kama ya mtu anayesinzia, na uani pale watu walicheka hadi wakashika mbavu. Redio ikazimika upande wa kwanza ukiwa katikati. Hakuna aliyetafuta betri nyingine. Maoni yalikuwa yameshatoka, na machalari, zile ndizi za nyama, yalikuwa yameiva.

Baba mdogo alicheka nao, akawatania pia, kisha akatoweka. Nilimkuta nyuma ya zizi amekaa juu ya gogo, kaseti mkononi, analia, mtu mzima na ndevu zake. Nami nikalia, maana nilimpenda kuliko wote waliopanda mlima Krismasi ile, na niliwachukia wote, hasa yule wa miwani. Hapo ndipo babu alipotokea na mzigo wa majani kichwani. Alituangalia. Vile vicheko vya uani vilikuwa vimemfikia hukohuko shambani. Akatua majani kwenye hori, akaenda kwenye kichanja, akazikusanya betri zake zote, akamwambia mwanawe, "Lete hicho kitu chako."

Alikaa kwenye kigoda mlangoni, redio yake mapajani, nayo ilikuwa na sehemu ya kaseti isiyowahi kutumika. Shangazi Felista akaja mbio, "Baba, na matangazo je?" Babu akasema, "Waliokufa watanisamehe leo." Akatia betri na kaseti, akabonyeza. Alisikiliza ameinamisha kichwa, hatikisi mguu, hakunji uso, na baba mdogo amesimama mbele yake, mikono nyuma, kama aliyeitwa na mwalimu mkuu. Watu walianza kusogea mmojammoja na sahani zao. Upande wa kwanza ukaisha. Nilidhani basi, ataondoka. "Geuza," alisema babu. Baba mdogo akageuza, kwa haraka hata kaseti ikagoma kuingia.

Ilipokwisha kabisa babu aliizima redio. "Sijui kwa nini mnapiga kwa hasira hivyo," akasema. "Na huyo wa ngoma anakufunika." Baba mdogo akaitikia, "Ndiyo, baba." "Lakini huu wimbo wa karibu na mwisho. Humo ndani umekohoa." Baba mdogo alishtuka. Akakiri kwamba alikohoa kweli, wakauacha wimbo hivyohivyo, wakijua hakuna atakayesikia. "Ulikuwa unaumwa?" "Kifua, baba. Kilinisumbua sana." "Kikakusumbua sana, na hukuleta habari nyumbani." Sauti ya babu ilikuwa imebadilika. Akageuka akamwita bibi, akamwambia huyu mtoto apewe mtori wa moto, amekonda. Ule uji wa ndizi na nyama ukaletwa, na baba mdogo akaunywa amekaa chini, mgongo umeegemea kigoda cha baba yake. Sikuwahi kumwona na furaha kama ile, wala sijui kama aliwahi kuipata tena.

Bendi haikufika albamu ya pili. Wenzake walitawanyika, mtangazaji akapata wengine wa kuwasifu, na picha za Kwa Sadala zikamalizwa na mvua. Babu alipofariki, baba mdogo alipanda kuchukua kihamba, na mpaka leo yuko pale na kahawa yake, Jumapili anapiga gitaa kanisani. Krismasi iliyopita tulikuwa huko sote, na binti yangu Neema alikuwa ametoa wimbo wake wa kwanza kwenye simu. Maoni yalimiminika, mioyo, ndimi za moto, na matusi ya watu asiowajua, naye akayasoma mpaka chakula kikapoa. Mmoja aliandika kwamba ameipenda sauti yake pale mwanzo kabisa, na mwanzoni hapo Neema hata hajaanza kuimba. Sitasema zamani watu walikuwa na masikio bora. Nilikuwapo uani, niliwaona. Ila nilitamani kumnyang'anya mwanangu ile simu. Mwishowe akaiweka chini mwenyewe, akamgeukia baba mdogo, ambaye kwake ni babu, aliyekuwa anamenya ndizi. "Babu, na ile kaseti yenu, watu waliipokeaje?"

"Wengi walisema kelele," alijibu baba mdogo, akatabasamu. "Baba aliisikiliza mpaka mwisho."