Mizani ya Bluu

Mwalimu wa darasa la nne tulimwita Mama Hakikisha, na jina likamkaa. Akihesabu chaki asubuhi, mchana anazihesabu tena. Miaka tisa tumekaa meza moja ofisini, na hadi leo nikiinuka anakagua kikombe chake asije akawa amenyweshwa mate yangu. Ananiudhi, lakini chanzo nakijua. Tangu utotoni alisikia sokoni kwamba marehemu baba yake, muuza maharage, alikuwa akipunja watu, na amegombana na nusu ya mtaa kulitetea jina lake.

Kwenye somo la mizani hana mpinzani. Watoto hutengeneza za kwao kwa hanga za nguo na vifuniko vya ndoo, wakapima vifutio kwa kokoto. Kanuni yake ni moja: mizani ikikaa sawa usiiamini, badilisha vitu pande, upime tena.

Wiki iliyopita alileta mizani ya baba yake, ya bluu, yenye sahani mbili. Akaniita nishuhudie. Nikajua hapa si kufundisha tu, anataka kutufunga midomo sisi tuliosikia ya sokoni.

Ikiwa tupu, ilitulia. Jiwe la kilo kushoto, maharage kulia, ikatulia pia. Alinitazama kwa ushindi.

"Bado kubadilisha, Mwalimu," akasema binti wa dawati la mbele.

Wakabadilisha. Upande wa jiwe ukashuka hadi mezani; maharage hayakuwa yametimia kilo.

"Nani kaichezea?" Macho yake yaliwapitia watoto mmoja mmoja, yakaishia kwangu. "Nilijua tu."

Binti alichukua rula akapima mikono ya mizani. Wa kushoto ulikuwa mfupi kwa upana wa kidole. Akageuza sahani ya kushoto, chini yake kuna nati imebandikwa.

"Hii inaongeza uzito upande mfupi, ili ikiwa tupu ionekane sawa," akasema.

Nati ilipakwa rangi ileile ya bluu, imepasuka kwa uzee. Mama Hakikisha aliikwaruza kwa ukucha.

"Mwalimu, babu mwenye mizani alikuwa anaweka maharage upande gani?" akauliza binti.

Niliinuka nikadai kengele imelia. Haikuwa imelia. Mama Hakikisha utoto wake wote alikaa kando ya mizani ile, akishika mifuko ya wateja.

"Kulia," akasema. "Siku zote kulia."

"Andikeni mlichokiona," akawaambia. "Na mnisamehe. Hamkuichezea nyinyi."