Mama Cheche Alivyohama na Milango Yake

Wengi walidhani Mama Cheche ameitwa hivyo kwa ajili ya hasira zake. Sivyo. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na jina alilipata angali anajifunza kazi, siku cheche zilipomshika sketi na yeye akamaliza kwanza kuunga bomba lake, ndipo akajizima. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, mtu mpole, nyumbani anaonekana kwa nadra kama mgeni. Watoto walikuwa wawili: kifungua mimba, msichana aliyekuwa anaanza sekondari, na kitinda mimba, mvulana wa darasa la pili ambaye kitu akikiweka leo, kesho hakioni.

Nyumba waliyokaa ilikuwa ya kaka yake, mtoto wa kwanza wa mama yao. Walipoingia ilikuwa pagala: kuta, paa, na matundu ya madirisha ambamo paka waliingia na kutoka watakavyo. Kaka alimwambia akae, ailinde, na akijaliwa nguvu aimalizie, maana kati ya ndugu hakuna changu wala chako. Mama Cheche akaimalizia. Kila akitoka kwenye kazi za watu, alivaa tena miwani yake myeusi akafanya kazi ya kwake. Akaunda milango, akazipinda nondo za madirisha zikawa majani na maua, akachomelea ngazi ya kupanda kwenye tangi la maji. Mwisho akatengeneza geti, pana, zito, lakini limekaa kwenye bawaba zake vizuri kiasi kwamba mtoto alilifungua kwa kidole. Kaka alitamba nalo kwenye kila shughuli ya ukoo. Ile nyumba, alikuwa akisema mbele za watu, sijanunua hata kitasa, dada yangu ana mikono.

Ikafika wiki ya mwisho ya likizo. Sebule ilinuka gundi na karatasi za kaki, binti anajalidi madaftari, sare mpya zimetundikwa mlangoni zisipate mikunjo. Kaka akaingia, akaketi, akakubali chai. Akasema mwanawe wa kiume ameoa, Jumapili analeta mke, na nyumba ndiyo zawadi yao. Mama Cheche akamkumbusha kwamba Jumatatu shule zinafunguliwa na baba watoto yuko safarini.

"Watoto huzoea," kaka akasema. "Na watu wenye vitu vichache hawachukui muda kuhama."

Alisema hivyo huku kiatu chake kimeegemea mguu wa meza ambao Mama Cheche aliuunga kwa mkono wake. Kuondolewa tu angeweza kukumeza. Nyumba ni ya mwenyewe. Lakini lile neno la vitu vichache lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Na alielewa vizuri kwamba kaka alingoja mpaka shemeji yake awe mbali ndipo aje kusema.

"Sawa, kaka," akajibu, akamsindikiza mpaka nje.

Mtu anayemjua angeiogopa hiyo sawa. Mumewe alipopiga simu alimwambia avumilie, akirudi atakwenda kuzungumza na kaka mkubwa. Mama Cheche akamtakia safari njema.

Alipata vyumba viwili nyuma ya kinyozi mmoja, vyenye uwanja wa kutosha karakana. Jumamosi walihamisha vitanda, masufuria na magunia ya nguo kwa gari la fundi mwenzake aliyeitwa Koleo, mtu wa maneno machache. Majirani walikuja kumpa pole wakamkuta anaimba, wakarudi makwao wakinong'onezana. Jumapili asubuhi Koleo akaegesha tena mbele ya nyumba, na safari hii Mama Cheche alishuka na mashine ya kukatia chuma.

Alianza na madirisha. Kila nondo aliigusa kwanza kwa kiganja, kama anayemwamsha mtu, kisha akaikata pale pale alipoiunga. Hakuharibu kitu. Bati la kaka, mbao za kaka, matofali ya kaka, vyote aliviacha. Milango ikatoka na fremu zake. Ngazi ikatoka, tangi likabaki juu peke yake. Binti alikuwa anafungua skrubu za bawaba na kuzitia mfukoni, mpaka akasimama.

"Mama, huku si kukomoa?"

"Ndiko."

"Basi tunafanya vibaya."

"Tunachukua kazi yangu. Na tunakomoa pia. Shika upande huo, usijikate."

Geti lilikuwa la mwisho. Lilihitaji wanaume wanne wa mtaani kulibeba, na wote walikuja bila kubembelezwa, kwa sababu kila mmoja alikuwa na lake moyoni kuhusu yule kaka.

Mchana bwana na bibi harusi wakafika, kaka ametangulia, kanyoosha mkono kuwaonyesha. Mkono ukabaki hewani. Upepo uliingia upande huu ukatokea ule. Kuku wa jirani alikuwa amesimama katikati ya sebule. Bibi harusi aliangalia lile tundu la mlango, akaangalia masanduku yake, akamuuliza mumewe kwa sauti ya chini kama wanalala hapo leo. Yule kijana, ambaye shangazi yake hakuwa na ugomvi naye, aliangalia chini.

"Umenivunjia nyumba," kaka akasema.

"Nyumba hiyo hapo, kaka. Vile vitu vyangu vichache ndivyo nimehama navyo."

Mama Cheche alikuwa ameyatafuna maneno hayo tangu siku ya chai, na alipoyatoa yalikuwa matamu kuliko alivyotarajia. Akapanda gari.

Utamu ulidumu mpaka asubuhi. Jumatatu, katikati ya magunia, kiatu kimoja cha kitinda mimba hakikuonekana. Walipindua kila kitu. Mtoto akaenda na ndala, mwalimu wa zamu akamrudisha, na dada yake aliyekuwa anamsindikiza akafika sekondari wenzake wameshapangwa madarasa na kuketi. Jioni binti alikaa mbali na mama yake.

"Muda wa kung'oa geti ulikuwepo," akasema. "Wa kutafuta kiatu haukuwepo."

Mama Cheche alimnunulia mdogo viatu vingine, akamwomba mkubwa radhi kwa kuchelewa kwake, lakini kwa geti hakuomba.

Kaka alipeleka kesi kwa ukoo. Wajomba na baba wadogo wakakaa, wakamwuliza alinunua nini katika vilivyong'olewa. Kila alipofungua mdomo, mmoja wao alimkumbusha alivyotamba kwenye harusi fulani, na mwingine kwenye harusi nyingine. Mdomo wake mwenyewe ulimmaliza. Ndipo akamtuma mama yao.

Bibi alifika akapumua kwanza, akawapapasa wajukuu vichwa, kisha akamwambia binti yake kwamba yule ni kaka yake, tumbo moja, amsamehe.

"Nimemsamehe, mama. Geti silirudishi."

Bibi akaomba maji ya kunywa, na habari hiyo hakuigusa tena.

Mafundi wa eneo lile wote walikuwa wenzake, na kila aliyeitwa na kaka alikuwa na udhuru. Hatimaye akapatikana mgeni mmoja, akafunga geti lililopinda, likaburuta chini na kulia kama punda. Shule ya kitinda mimba iko upande mwingine kabisa, lakini Mama Cheche humpitisha mbele ya nyumba ile kila asubuhi, mtoto akilalamika kwamba njia ni ndefu. Mara nyingi humkuta kaka, aliyekuja kumsaidia mwanawe, amelisukuma geti lile kwa bega mpaka mishipa ya shingo imemtoka.

"Shikamoo, kaka," humwamkia, kapiga goti kidogo, kwa adabu zote.

Na yeye, bega bado liko kwenye chuma, hana budi kuitikia marahaba.