Shamba la Mama Mkwe Lilikuwa Safi

Kazi yetu ilikuwa na sheria moja ambayo kila mwajiriwa mpya aliambiwa kabla hata hajaonyeshwa meza yake: usimwambie mkulima kwamba unakuja. Ukimwambia, utakuta shamba limesafishwa. Mwanamke wa Dagoretti au wa Kangemi hakubali mtu wa serikali aone magugu katikati ya mahindi yake, kama vile hakubali mgeni akalie kiti chenye vumbi. Ataamka alfajiri apalilie mpaka mgongo ukatae, kisha akungoje langoni akiwa amenawa na kujifunga kitambaa safi kichwani. Nawe uliyekuja kuhesabu magugu utabaki kuhesabu udongo.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya tangu nilipomaliza kidato cha nne mpaka nilipostaafu: kuhesabu magugu. Ofisi yetu ilikuwa katikati ya jiji, na kutoka hapo tulitumwa kwenye mashamba ya upande wa magharibi. Kila mmoja wetu alikuwa na mraba mwepesi wa chuma, mtupu katikati kama fremu ya picha, ambao mtu aliweza kuubeba kwapani. Unasimama shambani, unafumba macho, unautupa mraba nyuma ya bega. Pale unapoangukia unapiga magoti na kuhesabu kila kitu kilichoota ndani yake bila kupandwa. Tulifumba macho kwa sababu macho huchagua. Baada ya miaka kadhaa tulirudi kwenye mashamba yale yale kuona nini kimetoweka na nini kimekuja.

Yalitoweka mengi. Nilipoanza, Kitisuru ilikuwa kahawa, na chini ya kahawa kulikuwa na sangari, ile nyasi yenye mizizi mirefu kama kamba, ambayo vibarua waliifukua kwa jembe la meno huku wakiilaani. Ikaja dawa ya kupuliza, sangari ikapungua, na mahali pake pakashikwa na kishona nguo, ambacho kilitufuata mpaka ofisini kikiwa kimeng'ang'ania suruali. Kisha bei ya kahawa ikaanguka, mashina yakang'olewa, kuta zikajengwa. Kufikia miaka ya mwanzo ya elfu mbili nilikuwa nafika Kitisuru na mraba wangu, askari wa lango ananitazama kutoka juu hadi chini.

"Mzee, hiyo dirisha unauza?"

"Siuzi. Natafuta shamba lililokuwa hapa. Nahesabu magugu."

"Magugu?" Alimgeukia mwenzake. "Huyu anataka magugu! Mzee, hapa hata nyasi inalipiwa maji. Jaribu Dagoretti."

Alisema kwa mzaha, lakini ni kweli mashamba yaliyobaki kwenye orodha yetu yalikuwa Dagoretti, pamoja na vipande vichache vya mahindi vilivyobanwa kati ya nyumba kule Mountain View. Na huko Dagoretti ndiko lilikokuwa shamba la mama mkwe wangu.

Inanipasa nieleze hapa jambo la kwetu. Mimi ni mtu wa mkoa wa Magharibi, na kwetu mkwe wa kiume hamshtukizi mama mkwe. Ukimwona kwa mbali ameinama analima, unaacha njia na kupitia kwingine. Hamshikani mikono, na hulali kwenye nyumba anamolala. Kwa watu wa mke wangu, ambao ni Wakikuyu wa Dagoretti tangu enzi za mababu, heshima ya ukwe ipo pia, lakini haina ukali huo. Mama mkwe alinicheka tangu siku ya kwanza.

"Huyu bwana yako ananiogopa kama chui," alimwambia mke wangu nikiwa nimesimama nje ya ua nikingoja kukaribishwa. "Mwambie sijakula mtu mwaka huu."

Ni kwa sababu hiyo shamba lake, ambalo lilikuwa kwenye orodha kabla sijaoa pale, lilihesabiwa siku zote na mwenzangu wa ofisini. Mwenzangu alipostaafu, mkubwa wetu, mama mmoja mchangamfu, alinipa mashamba yake yote.

"Moja si ni kwa mama mkwe wako?" aliniuliza. "Una bahati. Utalishwa."

Ningeweza kumwambia hapo hapo kwamba siwezi kumwendea mama mkwe bila taarifa, na kwamba nikitoa taarifa hesabu itaharibika. Angempa mtu mwingine. Hakuwa mtu mgumu. Lakini niliona haya. Nilikuwa mtu mzima aliyeishi jijini miaka mingi, mshiriki wa kanisa, na sikutaka kuonekana bado nimeshikwa na mambo ya kijijini. Nikasema sawa, nitaenda. Jioni nikamwambia mke wangu ampigie mama yake simu.

"Si mnakatazwa kusema?" aliniuliza.

"Wewe mwambie tu nitapita Alhamisi. Nisije nikamkuta vibaya."

Sasa niseme kuhusu lile gugu. Miaka ile lilikuwa limeanza kuenea upande wetu gugu ambalo wengine huliita gugu karoti. Majani yake ni kama ya karoti kweli, na maua yake ni madogo, meupe, kama chenga za mchele. Nililiona kwanza kandokando ya barabara, mahali ambapo malori yalimwaga udongo. Halina miiba wala harufu ya kutisha, na mtu asiyelijua hulishika kama anavyoshika mchicha. Lakini kuna watu ambao likiwagusa, ngozi huwasha na kupasuka, macho huvimba, na wakivuta vumbi la maua yake kifua hubana. Ofisini tuliambiwa tusiling'oe kwa mikono mitupu. Mimi nilikuwa na glavu katika mkoba wangu.

Na nilijua lingeweza kuwa kwa mama mkwe. Mbolea ya dukani ilipopanda bei, ni mimi niliyempelekea ushauri kupitia mke wangu kwamba achukue samadi ya machinjioni, iliyo karibu na ya bure kwa mwenye mkokoteni. Mahindi yake yalipendeza. Lakini ng'ombe wanaochinjwa Dagoretti hutoka mbali, na matumbo yao hubeba mbegu za huko walikotoka. Hilo nililijua pia. Sikulifikiria wakati ule, ndiyo ninachoweza kusema.

Alhamisi hiyo nilimkuta langoni, amevaa gauni la kanisani.

"Karibu, baba. Ingia uone. Leo hutaniandikia vibaya huko kwa serikali."

Shamba lilikuwa safi kama uwanja wa shule siku ya wazazi. Alikuwa ameacha managu na terere tu, kama wanawake wa kule wanavyofanya, maana hizo ni mboga. Mengine yote yalikuwa yameng'olewa na kulundikwa karibu na ua, na lundo zima lilikuwa na maua meupe. Nililitambua kabla sijalikaribia.

"Hii takataka imenisumbua," alisema, akiligusa lundo kwa mguu. "Jembe inaikata, inaota tena. Nikasema kwa sababu mkwe anakuja, acha niitoe na mizizi. Jana na juzi nimekuwa nayo. Watoto wangu wanasema nimezeeka! Unaona mtu mzee hapo?"

"Hapana, Mama. Umefanya kazi kubwa."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Alikuwa akijikuna mikono, kutoka kwenye kifundo kwenda juu, taratibu, kama mtu asiyejua kwamba anajikuna. Nikafumba macho, nikatupa mraba, nikapiga magoti juu ya udongo mtupu. Yeye alisimama kando akitabasamu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilinyamaza. Ingenichukua sentensi moja: Mama, hili lina madhara, nawa sasa, usiliguse tena. Lakini alikuwa ameniandalia shamba kama mtu anavyomwandalia mkwe kuku, na kumwambia kwamba kuku yule ana sumu niliona ni kumtusi. Tena ningelazimika kueleza kwamba nilijua. Nikasema moyoni nitamtuma mke wangu amwambie, kwa njia ya heshima, siku nyingine. Tukanywa chai. Alikunywa nami akiwa ameketi mbali kidogo, kwa ajili yangu, na akanifungia ndizi za kupelekea watoto.

Sikumtuma mke wangu. Wiki ile kulikuwa na kazi nyingi, na wiki iliyofuata jambo lenyewe likawa gumu zaidi kulisema kwa sababu nilikuwa nimechelewa.

Mama mkwe alivimba macho. Walisema ni vumbi. Akaenda zahanati, akapewa mafuta ya kupaka, akapata nafuu. Mvua ziliponyesha, gugu likaota upya kutoka kwenye mbegu zilizodondoka kutoka kwenye lundo, naye, kwa kuwa hakuna aliyemwambia, akaingia tena kuling'oa kwa mikono. Safari hii kifua kilianza kupiga filimbi. Mke wangu alikwenda kumwona na akarudi jioni akiwa na jani mfukoni mwa koti. Aliliweka mezani mbele yangu, karibu na sahani.

"Baba watoto, hii ni nini?"

"Gugu karoti."

"Daktari ameniuliza kama mama anashika mmea fulani. Ananieleza ulivyo, mimi namwambia ngoja, hiyo iko shamba yote." Alivuta kiti lakini hakukaa. "Wewe ulienda pale. Uliiona?"

"Niliiona."

"Ulijua inafanya nini?"

"Nilijua."

Mke wangu si mtu wa kupiga kelele, na usiku ule nilitamani angepiga.

"Ulinituma nimpigie simu usije ukamwona ameinama," alisema. "Ukamwona anajikuna, ukanyamaza. Hiyo ni heshima gani?"



Kesho yake nilikwenda Dagoretti bila kutuma habari. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilimkuta shambani, ameinama, gauni limekunjwa hadi magotini, anang'oa, na kila baada ya hatua chache anasimama kutafuta pumzi. Miguu yangu ilitaka kugeuka. Niliita kutoka kwenye ua, "Mama! Acha hiyo! Usiiguse!" Alinyooka kwa mshangao akashusha gauni lake.

"Haiya! Wewe leo hauogopi?"

Nilimweleza yote tukiwa tumesimama pale pale. Nilimwambia kuhusu gugu, kuhusu samadi, kuhusu glavu zilizokuwa mkobani mwangu wakati yeye ananionyesha lundo. Alisikiliza huku akijifuta mikono kwenye aproni, akajifuta tena, kisha akaitazama aproni yenyewe.

"Kwa hivyo siku ile ulikuwa unajua."

"Ndiyo, Mama."

"Na ukakunywa chai yangu."

"Ndiyo."

Alicheka kidogo, kicheko kikakatishwa na kikohozi. "Ningekuwa mama yako mwenyewe, ungeniambia," alisema. Kisha akaelekea nyumbani polepole, akaniacha shambani. Nilivaa glavu nikang'oa mpaka jua lilipoanza kushuka, lakini yalikuwa mengi mno kwa mtu mmoja, na mengine yalikuwa yamekwisha kutoa mbegu.

Daktari alisema kama anataka kupumua aondoke pale. Wanawe wawili walikuwa wamepanga vyumba vidogo vilivyojaa watoto. Nyumba yenye nafasi ilikuwa yetu, Mountain View. Kwa hiyo mimi, ambaye kwetu singeruhusiwa kulala chini ya paa moja na mama mkwe, niliishi naye miaka yote iliyofuata. Nilijifunza kukohoa kabla ya kupita mlangoni mwake asubuhi ili ajue ninapita. Yeye alikohoa pia, usiku na mchana, na mimi nilisikiliza kupitia ukutani. Hakulima tena. Kuna siku alichukua sufuria kuukuu akaijaza udongo akapanda managu kwenye baraza, kisha akaomba iondolewe, kwa sababu kuiinamia tu kulimchosha.

Shamba lilikaa bila mtu. Wanawe walikuwa wakibishana kama wajenge vyumba vya kupangisha au wauze. Mimi nilipita huko kila baada ya muda, kwa kazi na bila kazi, na kila niliporudi aliniita niketi mkabala naye. Mke wangu alinionya, "Mwambie kuko sawa tu, asiumie roho." Mara ya kwanza nilijaribu. Nilisema majani yameota kidogo, si mengi.

"Baba," alisema mama mkwe, "hata siku ile uliniambia nimefanya kazi kubwa."

Nikaanza upya. Nilimwambia kwamba gugu limefunika mahali palipokuwa na mahindi na mahali palipokuwa na viazi. Managu hayaonekani. Nepia, ile nyasi ya kulisha ng'ombe, bado inajitahidi kando ya ua.

"Na nyumba?"

"Limefika mlangoni, Mama. Limepita jikoni likafika mlangoni."

Alitikisa kichwa taratibu. Alikuwa na ungo wa maharagwe mapajani na aliendelea kuyachambua, akitupa mabovu upande mmoja. Baadaye aliniuliza lina urefu gani sasa, nami nikasimama, nikaweka mkono kiunoni, nikamwonyesha.