Nahodha Amezidiwa Kidogo

Baba alikichagua kitabu kile kwa sababu ya jalada. Tulikuwa tumemteremsha kutoka Bura, kwenye ubaridi wake, kwa ajili ya tumbo lililomsumbua tangu Krismasi, nikaishi naye Voi awe karibu na hospitali, na Voi ikampokea kwa joto la Februari. Mtoto wa jicho alikuwa amemnyima kusoma, hivyo kwenye meza ya vitabu vya mtumba nilimwelezea picha moja moja. Nilipofikia picha ya meli ya matanga iliyokwama katikati ya barafu akasema tuchukue hiyo, angalau tusikie habari za baridi.

Basi kila alasiri nikitoka kazini nilimsomea barazani, nikitafsiri Kiingereza cha kizamani kwa Kiswahili changu cha ofisini. Wazungu wa karne ya kumi na tisa, watu wenye kwao, wenye moto na chai, walipanda meli kwenda kaskazini kabisa mwa dunia kutafuta njia ya mkato ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Walibeba vijiko vya fedha na kinanda. Nguo za maana za baridi, naona, zilikosa nafasi. Barafu ilipowashika, mwaka wa kwanza waliupitisha wakicheza michezo ya kuigiza na kuvipa vilima majina ya wakwe zao. Baba aliuliza kama huko hakukuwa na wenyeji. Nikamwambia walikuwepo, tena wana afya na wameshiba. Akauliza sasa walishindwa nini kuwauliza njia. Nikamjibu kwamba nahodha alikuwa mtu mkubwa.

Lakini mimi sikuwa na haki ya kumcheka mtu. Daktari alikuwa ametuambia kwamba baba ana saratani na imeshaenea. Familia ikafanya kikao kwenye simu, ambako wenye busara nyingi ndio walio mbali zaidi na mgonjwa, ikaamua aambiwe ana vidonda vya tumbo. Kaka yangu mkubwa, aliyeko Mombasa, alisema habari yenyewe itamuua. Saratani, inaonekana, haikuwa na haraka hiyo. Nikakubali, nikawa nampikia uji wa vidonda vya tumbo huku nikijichukia.

Shida ilikuja katika mwaka wa tatu wa barafu. Siku hiyo, Jumatatu, nilifungua ukurasa nikakuta nahodha amefariki. Kwetu habari ya kifo haitupwi hivihivi. Unaanza kwa kusema mgonjwa amezidiwa kidogo. Baadaye unasema amelazwa. Kisha unamwomba mtu aje nyumbani, na akifika anakuta viti vimeshapangwa uani. Mdomo wangu ulifuata desturi bila kuniuliza. Nikamsomea baba kwamba nahodha amezidiwa kidogo. Jumanne nikasema hali yake si nzuri sana. Jumatano nikamlaza hospitalini, huko kusikokuwa hata na zahanati.

Baba akaweka kikombe chini, akanigeukia mimi bintiye.

"Mama, huyu mtu alikufa lini?"

"Jumatatu," nikasema.

Hakucheka. Alinikumbusha kwamba hata habari ya mdogo wake wa Ndara nilimpa vivyo hivyo, kwamba amezidiwa kidogo, na yeye akaanza kutafuta shati la mazishi kabla sijamaliza kuongea. Tena akasema nina sauti moja ninayoitumia kwa mambo hayo, laini mno, na kwamba tangu tutoke kwa daktari nimekuwa nikimkaribishia uji kwa sauti hiyo hiyo. Mimi niliyedhani najua kuigiza. Akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akalipata bega langu.

"Na mimi je? Mmenifikisha wapi? Nimezidiwa, ama nimeshalazwa?"

Jibu la familia nilikuwa nalo, limepangwa vizuri. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nikamwambia ni saratani, kwamba imeenea, na kwamba tulimdanganya sote, mimi nikiwa karibu yake kuliko wote. Nikaanza kulia, jambo ambalo kikao hakikuwa kimelipitisha.

Mkono wake ulibaki begani. Nilingoja anigombeze, ama aniambie niwapigie simu ndugu zangu. Badala yake alishusha pumzi.

"Nimekuwa nikiogopa peke yangu tangu Krismasi," akasema. "Vuta kiti chako hapa."