Kipimajoto Kimepewa Mapumziko

Jamani, leo hapa Changamwe kipimajoto kimepumzishwa, sisi hatukupumzishwa!

Bwana injinia alituachia chombo hicho na amri moja: zebaki ikifika mstari mwekundu, wachimba mtaro wapumzike.

Nyapara akakitundika kivulini, juu ya mtungi wa maji. Wiki nzima zebaki haikupanda.

Leo Hamisi, mchimbaji mwenzangu, mwenyeji wa hapa, akakileta mtaroni, juani. Zebaki ikapita mstari.

"Nyapara, njoo utazame!"

Nyapara akakinyakua. "Mnakiunguza! Chombo hiki hakistahimili jua."

"Na sisi je?"

"Nyinyi mmezoea."

Kikarudi kivulini, kikafunikwa kitambaa kibichi. Mimi na sururu yangu tukarudi mtaroni.

Wenzangu, nimetoka Kitui kutafuta kazi. Ya kipimajoto huombwa wapi?