Siku Jua Lilipoziba Redio

Kwa miaka kumi na tisa Mahfoudha Thabit alifanya kazi katika chumba kisicho na dirisha, kwenye kampuni moja ya uvuvi mjini Muscat, akizungumza kwa redio na maboti yaliyokuwa mbali baharini. Kila siku alitoka kwao, mtaa wa Hail, asubuhi na kurudi magharibi. Mwaka huo aliomba ahamishiwe ghorofa ya juu, kwenye mafaili. Meneja wake, Jaifar, ambaye wazee wake walitoka Tanga, alimwambia asubiri.

Siku moja ya Mei, mara tu baada ya adhana ya adhuhuri, nahodha Musallam aliita kutoka maili mia tatu. Baharia wake, Wael, alikuwa amekatwa na kamba ya nyavu mkononi na damu haikatiki. Mahfoudha alikuwa anampigia daktari pale spika ilipoanza kuchachatika kama mafuta ya moto. Halafu ikanyamaza kabisa.

Aliita, akaita tena. Simu ya satelaiti ya boti ile ilikuwa mbovu. Hakuthubutu kuinuka hata kwenda kusali. Daktari alikuwa anasubiri kwenye simu ya mezani, Wael anavuja damu, na yeye katikati hawezi kumfikia. Alipanda masafa ya redio, hatua kwa hatua, na baada ya dakika arobaini, kwenye masafa ya juu kabisa, akamsikia Musallam kwa mbali. Mkono walikuwa wameufunga kwa kilemba. Damu imesimama.

Musallam alilalamika kwamba aliita asijibiwe, na Jaifar akamwita Mahfoudha.

"Ulikuwa wapi?"

"Nlikuwa kitini."

Hakumwamini. Mahfoudha akatafuta mtandaoni mchoro wa vipimo vya satelaiti zinazopima eksirei, miale inayotoka kwenye jua, akauchapisha. Mstari ulikuwa umepanda wima dakika ileile redio iliponyamaza. Alimweleza kwamba jua lililipuka, na kule kuchachatika kulikuwa mawimbi ya redio ya jua lenyewe. Eksirei zake nazo zilivuruga hewa ya juu, ikawa inayameza mawimbi ya redio za maboti badala ya kuyapitisha. Masafa ya juu ndiyo hufunguka mwanzo.

Jaifar aliusoma mchoro mara mbili. Akamwomba radhi, kwa dhati.

"Lakini Da Mahfoudha, nani mwengine nimweke pale? Mwengine asingejua kupanda masafa. Lile ombi lako la kuhama nimeliondoa."

Alilisema kama sifa.

"Nna miaka kumi na tisa mle ndani, Jaifar."

"Ndiyo maana," alijibu kwa upole.

Wiki iliyofuata fundi alikuja kumfungia skrini ya pili, ya kuangalia eksirei za jua, na kumletea kiti kipya. Fundi alipomuuliza kama kiti kinamfaa, alisema kinafaa. Musallam alikuwa anaita. Akavaa vipokea sauti, akamjibu.